DIZELI INAYOPOTEA NI JASHO LA MKULIMA



Gunia la mpunga likitoka Sibwesa, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, haliendi sokoni kwa miguu yake. Hubebwa na lori, na lori huenda kwa dizeli. Dizeli hiyo haichimbwi Sibwesa, wala Mpanda, wala mahali popote katika Tanzania. Hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, ikashushwa bandarini, kisha ikasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka ifike Katavi. Ndiyo maana Katavi huuzwa ghali kuliko Dar es Salaam.

Nani anailipa? Mtu atajibu upesi kwamba ni mwenye lori. Lakini mwenye lori huzitoa wapi fedha hizo? Huzikata katika bei ya gunia. Mnunuzi akisimama shambani, kabla hajataja bei yake, amekwisha piga hesabu ya safari. Mafuta yakipanda, bei ya mpunga shambani hushuka. Mafuta yakipotea bure njiani, hayapotei mali ya tajiri peke yake. Linapotea jasho la mkulima aliyeinama tangu mvua za kwanza mpaka mavuno.

Kwa sababu hiyo leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watadhani si la siasa: namna lori linavyoendeshwa. Sisi tunasema ni la siasa kabisa. Jambo lolote linalopunguza mkate wa mwananchi, likapeleka fedha za taifa nje, na kumjaza moshi mtoto anayevuka barabara kwenda shule, hilo ni la siasa.

Siku hizi magari mengi makubwa yamefungwa vyombo vidogo vya kufuatilia safari. Chombo hicho huzungumza na setilaiti na mtandao wa simu, kikatoa habari kwamba lori liko wapi, linakwenda mwendo gani, limesimama kwa muda gani huku injini ikinguruma, dereva amefunga breki kwa ghafla mara ngapi, na katika magari mengine, limekula lita ngapi. Mabasi ya masafa marefu yamekwisha zoea jambo hili. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, huyafuatilia kwa mfumo uitwao VTS, na abiria wengi wanaijua sauti ya chombo kinacholia dereva anapozidisha mwendo. Mamlaka ya Mapato nayo hufuatilia kwa vyombo vya namna hiyo mizigo inayopita kwenda nchi za jirani.

Hata hivyo, kazi kubwa ya vyombo hivi mpaka leo imekuwa ni kukamata: kumkamata aliyekimbia, na kumkamata aliyeacha njia. Kazi hiyo ni njema, maana ajali zimetumalizia watu. Lakini ipo kazi ya pili ambayo bado haijapewa nafasi yake, nayo ni kumfundisha dereva kuendesha kwa mafuta machache na moshi mdogo.

Mambo yenyewe ni mepesi, na dereva mzoefu anayajua kwa mwili wake kabla ya kuambiwa na kompyuta. Kila mara unapofunga breki kwa ghafla, unautupa mwendo uliokwisha ununua kwa dizeli. Kisha huna budi kuununua tena. Mtu anayetazama mbali, akaliona lori la mbele linapunguza mwendo, akainua mguu mapema, huyo ameokoa. Anayekanyaga mpaka mwisho ili asimame taa ya mbele, huyo amechoma mali. Mwendo nao una gharama: ukiongezeka mara mbili, upepo hulipinga gari kwa nguvu mara nne. Tairi zisizojaa upepo huifanya injini ivute kama punda aliyefungwa jiwe. Na lori kubwa lililosimama huku linanguruma huweza kula lita 3 hivi kila saa, bila kusogea hatua moja.

Wako wanaodhani kwamba kuchomoa gia mtelemkoni ni akili ya kuokoa mafuta. Wanajidanganya. Katika injini nyingi za siku hizi, gari likitelemka ndani ya gia na mguu umeinuliwa, mafuta hukatwa kabisa; ukichomoa gia, injini hurudi kunywa ili isizimike, nawe umeipoteza nguvu ya injini ya kulizuia lori. Wanaopita Kitonga na Sekenke wanajua mwisho wa akili hiyo.

Majaribio ya nchi nyingi yameonyesha kwamba dereva akifundishwa mambo haya hupunguza mafuta kwa asilimia 5 hadi 15. Lakini yameonyesha pia kwamba mafunzo ya siku moja husahaulika. Miezi ikipita bila mtu kumkumbusha, mguu hurudia mazoea yake. Hapo ndipo chombo kinapofaa: kila baada ya safari dereva aone mwenyewe alipookoa na alipopoteza, akae na mwalimu wake, warekebishe.

Tupige hesabu ya mfano, na kila mwenye lori aijaribu kwa namba zake. Lori linalokula lita 40 kwa kila kilomita 100, likienda safari ya kilomita 1,200, litakula lita 480. Likiokoa asilimia 10, hizo ni lita 48. Tukiihesabu lita moja kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, dereva ameokoa shilingi 144,000 kwa safari moja ya kwenda tu. Akifanya safari nne za namna hiyo kwa mwezi, ni shilingi 576,000. Kwa mwaka ni lita 2,304, na fedha karibu milioni 7. Hilo ni lori moja. Hesabu malori yote yanayotoka na kuingia Katavi, ndipo utakapojua ni utajiri gani unaotoka katika bomba la moshi.

Na moshi wenyewe? Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2.6 za hewa ya ukaa. Mtu asishangae kwamba moshi una uzito kuliko mafuta: ukaa wa ndani ya dizeli hushikana na oksijeni ya hewani, na uzito wake ukaongezeka. Lile lori moja la mfano wetu, kwa kuokoa lita 2,304, lingepunguza tani 6 za hewa hiyo kila mwaka. Na pamoja na hewa hiyo yako masizi meusi yanayoingia mapafuni. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, kwa njia ya taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni akina nani? Si wale waliofunga vioo vya magari yenye ubaridi ndani. Ni mama lishe na machinga wa kando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, ambapo malori hukaa foleni, ni utingo, ni dereva mwenyewe.

Wananchi wa Wilaya ya Tanganyika wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Wilaya hii ni mfano wa taifa zima katika biashara ya hewa ya ukaa. Vijiji vinane, vikiwamo Mwese, Katuma, Kapanga na Lugonesi, vimeuhifadhi msitu wa milima ya Ntakata, na kwa kuuhifadhi vimepata mabilioni ya shilingi yaliyojenga shule na zahanati. Wananchi wamekubali kutokata mti, kutochoma mkaa, kutolima mahali palipokatazwa. Wamejinyima. Basi ni haki gani kwamba mwanakijiji azuiwe kukata mti mmoja, huku lori linalopita karibu naye linateketeza dizeli bure wala hakuna anayeuliza? Ikiwa hewa ina bei inapobaki msituni, na iwe na bei vilevile inapotoka katika bomba.

Tukitaka kuelewa kwa nini gharama ya safari inatuumiza hivi, tukumbuke historia. Reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950. Wakoloni hawakuijenga kwa mapenzi ya mkulima. Waliijenga ili ichukue madini ya risasi ya Mpanda, iyapeleke pwani, na pwani iyapeleke kwao. Madini yalipokwisha kuwa na faida, mgodi ulifungwa. Mkulima akabaki na kituo cha treni mjini na njia ya vumbi kijijini. Tangu hapo lori ndilo lililomtumikia.

Na tuwakumbuke pia madereva. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa dhuluma, Zambia ilikosa njia ya mafuta. Nani aliyeiokoa? Malori yaliyotoka Dar es Salaam yamebeba mapipa, yakapita njia mbovu mpaka Zambia, njia iliyokuwa na hatari nyingi hata ikapewa jina la Jehanamu. Bomba la TAZAMA likafuata mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini kabla ya bomba na kabla ya reli, walikuwako madereva. Watu hao walishika usukani kwa ajili ya ukombozi wa Afrika. Tusizungumze habari za dereva kana kwamba tunazungumza habari za mwizi.

Tunasema hivyo kwa makusudi. Maana tunasikia maneno ya baadhi ya matajiri: "Funga chombo, utamjua dereva wako." Hawasemi funga chombo umfundishe, wanasema umjue, yaani umnase. Hatukatai kwamba wako madereva wanaonyonya dizeli ya gari na kuiuza vichochoroni. Ni aibu, na aliye mwanachama wetu ajue kwamba anamwibia mkulima, si tajiri tu. Lakini tuulize swali la pili: dereva huyo ana mkataba? Analipwa mshahara wa kumtosha? Akiokoa lita 100 kwa uangalifu wake, anapata nini? Mara nyingi hapati kitu. Safari ijayo tajiri humpunguzia mafuta ya posho, akasema, "Kumbe yalikuwa yanabaki!" Mtu aliyeadhibiwa kwa kuokoa hawezi kuokoa mara ya pili.

Tulijifunza somo mwaka 2015. Mwezi Aprili mwaka ule madereva wa mabasi na malori waligoma. Abiria walilala vituoni, na nchi ilitikisika. Waliligomea nini? Waliligomea sharti la kurudi chuoni kila leseni inapotaka kufanywa upya, na walidai mikataba ya ajira. Wengine walisema madereva hawapendi elimu. Sivyo. Hakuna mtu anayechukia elimu. Huchukiwa elimu inayoletwa kama adhabu, ambayo anayefundishwa huilipia mwenyewe huku faida yake inakwenda kwa mwingine. Yeyote anayetaka kuleta mafunzo ya udereva wa kuokoa mafuta leo, na aisome habari ya mwaka ule kwanza.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: chombo kiwe mwalimu, kisiwe nyapara. Mababu zetu waliwajua manyapara katika mashamba ya mkonge. Hatukujitawala ili tumweke nyapara wa chuma ndani ya lori.

Ili msimamo huo usibaki maneno, tunataka mambo manne.

La kwanza, dereva awe na mkataba wa maandishi, na ndani yake iandikwe sehemu yake katika mafuta anayookoa. Sisi twasema nusu. Nusu kwa dereva na utingo wake, nusu kwa mwenye gari. Na mwenye gari naye apunguze nauli ya mzigo kwa kadiri anavyookoa, ili faida imfikie aliyelima. Faida inayoishia mfukoni mwa mtu mmoja haitadumu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeilinda.

La pili, dereva azione namba zake mwenyewe, kwa Kiswahili, na awe na haki ya kujieleza. Chombo kitasema alifunga breki kwa ghafla. Hakitasema kwamba mtoto alikatisha barabara. Tena habari za mwendo wa mtu ni mali yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; itumike. Habari za barabara zetu, mizigo yetu na madereva wetu zisikusanywe na kampuni za ng'ambo kisha tuuziwe tena kama dawa.

La tatu, mafunzo yafike mikoani na yasimtoe dereva fedha zake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Dar es Salaam, na vyuo vya VETA vimeenea nchini. Dereva wa Mpanda asilazimike kuvuka nchi nzima kwenda kujifunza kuinua mguu mapema. Mwalimu mmoja, lori moja, siku chache, na chombo cha kumkumbusha baadaye: hayo yanatosha kuanza.

La nne, vyama vya msingi vya ushirika viingie katika usafirishaji kwa akili. Lori tupu halili nusu tu ya mafuta ya lori lililojaa. Hula zaidi ya nusu. Basi lori linalokuja kijijini tupu kuchukua mpunga limekwisha chukua sehemu ya bei ya mpunga kabla halijapakia. Ushirika unaojua kwa simu ni lori gani linaleta mbolea, saruji au bati Mpanda, na linarudi lini, unaweza kulijaza mzigo kurudi. Hapo tumeokoa zaidi kuliko ufundi wote wa mguu wa dereva.

Tunajua kuna watakaotujibu: "Mnamwambia dereva aendeshe taratibu, na barabara je?" Wana haki. Lori linalotambaa katika matope ya masika kwa gia ya kwanza halina somo litakaloliponya. Dawa yake ni barabara. Lami ya kutoka Tabora mpaka Mpanda imekwisha onyesha tofauti kati ya safari ya siku na safari ya mateso. Barabara za vijijini zinangoja zamu yao, nasi hatutaacha kuzidai. Wala dereva asibebeshwe lawama ya mzigo uliozidi. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Anayepakia zaidi ni mwenye mali. Basi na aulizwe mwenye mali.

Tunajua pia kwamba mzigo wa masafa marefu mahali pake ni reli. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, na Julai 2025 bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa ili makasha yatoke Dar es Salaam bila kuyajaza malori ndani ya jiji. Hiyo ndiyo njia. Lakini reli haitafika kila kijiji. Hata reli ikiwa imara namna gani, mwanzo wa safari ya gunia la Sibwesa utakuwa lori, na mwisho wake mjini utakuwa lori. Lori litabaki, swali ni litaendeshwaje.

Na muda wa kujibu ni sasa. Bandari ya Karema, ng'ambo ya Kongo katika Ziwa Tanganyika, ilikamilika mwaka 2022 kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 47. Ilijengwa ili mzigo wa Kongo upite hapo, na mzigo huo utapita Katavi. Mji wa Mpanda, ambao leo mtu anaweza kuvuka barabara bila haraka, usingoje mpaka uwe na foleni na moshi kama wa miji mikubwa ndipo uanze kutafuta dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Malori yakija yakute desturi imekwisha wekwa: kwamba Katavi lori haliachwi linanguruma sokoni, kwamba mwendo ni wa kiasi, kwamba dereva anaheshimiwa na anapata haki yake.

Ndugu wanachama, msingoje amri kutoka juu. Kila tawi lenye madereva ndani yake liwaite, liwasikilize, lijue wangapi wana mikataba na wangapi hawana. Kila chama cha ushirika kimwulize msafirishaji wake swali moja msimu huu: "Lori lako linakula lita ngapi kwa kilomita 100?" Asipojua, afahamu kwamba sisi ndio tunaomlipia kutojua kwake. Akijua, tukae naye tupunguze, tugawane.

Uhuru wa bendera tuliupata. Uhuru wa mfukoni hupotea kwa matone, na matone mengine ni ya dizeli. Tuyakinge.

UHURU NA KAZI!